Bwana Sufuria na Cherehani ya Dada Yake

Mtaa mzima ulimwita Bwana Sufuria, naye alilipokea jina hilo kama nishani. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita "huyu bwana," hata wakiwa wamekaa chumba kimoja, na sauti aliyoitumia ilitosha kukueleza mengine yote.

Huyu bwana alikuwa mchoraji. Si mchoraji wa milima, wala wa simba, wala wa wasichana waliobeba mitungi. Alichora vitu vya nyumbani, kimoja kimoja, vile vilivyo: ndoo, pasi, kandambili, kopo la majani ya chai. Ukubwa uleule, rangi ileile, kovu lilelile. Kitu kikiwa na kutu, alichora kutu. Kikiwa na ufa, alikaa siku tatu kwenye ufa. Wasomi walisema ni kipaji. Dada yake alisema ni uvivu uliokwenda shule, maana mtu anayeweza kulitazama beseni mwezi mzima bila kulisugua ana lake jambo.

Alianza na kuta za maduka. Alikuwa na miaka ishirini tu mwoka mikate alipomwita amchoree mkate juu ya mlango wake. Mtu mwingine yeyote angechora mkate wa kutamanisha, umeumuka vizuri, mvuke unafuka, basi, akaenda zake. Yeye aliomba apewe mkate halisi, akauweka juu ya kiti, akauchora. Sasa mkate wa siku hiyo ulikuwa umeungua upande mmoja na kubonyea upande wa pili. Ukutani ukatokea mkate mkubwa kuliko mlango wenyewe, umeungua, umebonyea, na watu wakaanza kununua mikate kwingine. Mwoka mikate alikuja kwa fundi cherehani akihema.

"Fundi, huyu mdogo wako ananitakia nini? Nimemkosea wapi?"

Fundi alikwenda kumuuliza. Kijana akajibu akiwa mkavu kabisa, "Ndivyo ulivyokuwa, Dada." Ukuta ulipakwa chokaa siku ileile.

Unadhani alijifunza? Wapi. Muuza viatu alichorewa kiatu kilichoachama soli. Seremala alichorewa kitanda chenye mguu mmoja mfupi, na kweli kilikuwa na mguu mmoja mfupi, lakini ni seremala gani anayetaka dunia nzima ijue? Mwaka haujaisha, hakuna duka lililotaka kumwona na brashi. Angekuwa mwingine angejirudi. Yeye kichwa kikamvimba, akatangaza kwamba watu wanaogopa ukweli. Alitangaza hayo huku akila chakula cha dada yake, kwenye meza ya dada yake, amevaa shati lililoshonwa na dada yake. Ukweli huo haukumshughulisha.

Sifa zilimkuta nyumbani, bila yeye kuinua hata mguu. Mwalimu mmoja wa chuo cha sanaa, bwana aliyevaa skafu hata siku za joto kali, alikuja kupunguziwa suruali. Akiwa anasubiri, akaona nyuma ya mlango picha ya sufuria. Akasogea, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akashika kifua.

"Hii sufuria," akasema, "inatutazama."

Fundi aligeuka akaitazama. Haikuwa inamtazama mtu. Ilikuwa sufuria yake mwenyewe, iliyobonyea siku ilipomponyoka, na kwa ajili ya picha hiyo alikuwa amepikia kopo kwa wiki tatu. Akaendelea kupinda suruali.

Skafu, kama fundi alivyombatiza tangu siku hiyo, ndiye aliyemvisha mdogo wake kilemba cha ukoka. Wakati huo wachoraji wengine wote walikuwa wanachora jua linazama. Skafu akaandika gazetini kwamba amepatikana mtu mmoja asiyedanganya. Akaandika habari za "ukimya wa chuma" na "heshima ya kitu kilichotumika." Watu wenye nyumba kubwa, ambao sufuria zao huoshwa na watu wengine, wakaanza kutundika sufuria ya fundi sebuleni. Huyu bwana akafuga ndevu. Akaacha kusema "nachora" akawa anasema "nashuhudia." Dada yake aliposikia neno hilo kwa mara ya kwanza alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

Namna yake ya kufanya kazi ndiyo iliyowatoa watu roho. Akishakichagua kitu, alikizungushia mstari wa chaki, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kukigusa mpaka amalize. Na hakuwa na haraka. Chujio lilikaa ndani ya chaki siku arobaini kwa sababu alikuwa anahesabu matundu. Alihesabu kweli, mara mbili, akamtangazia kila aliyeingia idadi yake kama mtu aliyepata mtoto. Mke alioa, mwanamke mpole, muuguzi, na alimvumilia miaka minne mizima. Siku aliporudi kutoka kazini akakuta beseni la kumwogeshea mtoto limezungushiwa chaki, hakugombana. Alifunga mizigo, akambeba mwanawe, akapita kwa wifi yake kumuaga. "Wifi, nimeshindwa," akasema. Fundi akamjibu kwamba hata yeye angeshindwa, ila damu haifungi mizigo. Huyu bwana akarudi kuishi kwa dada yake, na vitu vya dada vikawa ndiyo vitu vyake vya kuchora.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda miaka thelathini na moja. Dada anashona, mdogo anashuhudia. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilishawahi kuchorwa: birika, ufagio, kiti cha kamba, hata kufuli. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho fundi alimkatalia katakata, nacho ni cherehani. Ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa mguu, na ndiyo iliyowalisha wote wawili. "Hiyo usiisogelee na chaki yako," alimwambia, "siku utakayoisogelea nitakuvunja huo mkono." Akaelewa.

Kisha likaja suala la maonyesho makubwa. Makumbusho ya taifa yaliamua kuonyesha kazi zake zote, na Skafu, sasa mzee mwenye mvi na skafu ileile, akasema inatakiwa picha moja mpya, ya kufungia maisha yake. Huyu bwana akaja kukaa kwenye kigoda karibu na miguu ya dada yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

"Dada, nipe cherehani."

"Shule zinafungua mwezi ujao. Nina sare za watoto wa mtaa mzima. Hujui?"

"Najua. Lakini hii haitakuwa picha ya kitu. Nitaiita 'Dada Yangu.' Atakayeitazama mashine hii atakuwa amekuona wewe. Miaka yote hii sijakuchora, Dada. Sasa nakuchora wewe."

Fundi alikuwa na maneno ya kumjibu, na makali, yalikuwa tayari mdomoni. Hayakutoka. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mgongo umepinda kwa kuinamia kitambaa, na tangu wazazi wafe hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba amemwona. Aliyataka maneno yale. Aliona aibu kuyataka, tena kutoka kwa mtu kama yule, lakini aliyataka mno.

Akachomoa uzi wake na sindano yake, kwa hasira za kujificha, akavitia kwenye kopo. "Chukua," akasema. "Na uharakishe."

Hakuharakisha. Wiki tisa cherehani ilikaa ndani ya chaki, chumbani kwa huyu bwana, mlango umefungwa. Sare zilikwenda kwa fundi wa mtaa wa pili, kijana asiyejua hata kupinda kola, na wateja aliowashonea tangu wakiwa watoto wachanga wakapita mlangoni wakiangalia upande mwingine. Fundi alikaa kwenye kiti mikono mapajani, hajui aiweke wapi. Majirani walipomuuliza, alisema anapumzika. Moyoni alijipa subira kwa jambo moja: picha ile ni yake.

Siku ya ufunguzi alivaa gauni alilolishona kwa mkono, maana mashine hakuwa nayo. Ukumbi ulijaa watu wanaozungumza polepole huku wameinamisha vichwa. Mgeni rasmi alisifia chujio. Mwanamke mmoja mwenye hereni kubwa alisema picha ya ndoo imemliza, ingawa macho yake yalikuwa makavu kabisa. Kisha Skafu akapanda jukwaani, akasema kwamba mtu huyu, katika maisha yake yote, hajawahi kukosea hata msumari mmoja, na sasa wataonyeshwa kazi ya mwisho. Kitambaa kikavutwa.

Ilikuwa yeye. Fundi aliisikia pumzi yake mwenyewe. Pale rangi nyeusi ilipobabuka kwa kushikwashikwa na kiganja chake cha kulia, palikuwepo. Ule mkwaruzo wa mkasi, ulikuwepo. Gurudumu, mkanda wake uliounganishwa kwa kipande cha waya, vyote vilikuwepo, na juu kabisa rili ya uzi mwekundu. Machozi yakamlenga. Kwa mara ya kwanza tangu mkate ule wa ukutani alijivunia mdogo wake, na lau kama mtu angemwambia kitu kibaya juu yake wakati ule, angempiga kofi.

Halafu, kwa mazoea tu ya mtu aliyefanya kazi hiyo miaka arobaini na tano, macho yake yakaufuata uzi.

Uzi ulitoka kwenye rili ukashuka moja kwa moja mpaka kwenye sindano. Haukupita kwenye vile vibati viwili vinavyoubana. Haukupanda kwenye ule mkono mdogo wa chuma unaocheza juu na chini, ule ambao bila huo mashine haishoni hata inchi moja, inatafuna uzi na kuusokota na kuukata. Akakumbuka kwamba uzi wake na sindano yake alivichomoa mwenyewe. Huyu bwana alikuwa amenunua sindano na uzi mwekundu, akaupitisha anavyojua, na kumbe hakuwa anajua. Aliyehesabu matundu ya chujio mara mbili alikuwa ameishi miaka thelathini na moja hatua tatu kutoka kwenye ile mashine, ikipiga kelele kutwa nzima, na hakuwahi hata siku moja kugeuza shingo akaona inavyoshona.

Ilimwuma kuliko alivyotarajia. Zile wiki tisa, wale wateja, ile mikono mapajani.

"Hii haishoni," akasema.

Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya. Mwanamke wa hereni akaguna. Skafu akatabasamu, akaeleza kwamba hapa msanii anatuonyesha utulivu, kwamba uzi ulionyooka ni ishara ya maisha ya uaminifu.

"Ishara gani?" akauliza fundi. "Uzi umepitishwa vibaya. Muulize fundi yeyote. Ukiikanyaga hiyo, uzi unakatika papo hapo."

Kila mtu akamgeukia mchoraji. Alisogea mpaka pua ikakaribia turubai, akatazama, akamtazama dada yake, na uso wake ukawa wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Dada," akanong'ona, "ni picha tu."

Miaka yote ile alikuwa hajawahi kusema hivyo. Fundi akachukua mkoba wake, akatoka. Nje alisimama ukutani akalia, akajifuta kwa pindo la lile gauni, kisha akaenda nyumbani akafuta chaki sakafuni kwa tambara bichi. Akairudisha mashine mahali pake na kuitia sindano yake na uzi wake.

Kesho yake asubuhi huyu bwana alirudi na turubai kwapani na kisanduku cha rangi. Hakuwa amelala, ilionekana. Fundi alikuwa amekaa kwenye mashine na gauni la jirani, kazi ya kwanza baada ya wiki tisa. Alidhani amekuja kuomba radhi. Kama angeomba radhi, wallahi, angemsamehe kabla hajamaliza kusema.

Huyu bwana alilisimamisha turubai juu ya kiti. Akachagua brashi nyembamba, akaitia rangi nyekundu, akainua macho.

"Umeshapitisha uzi? Vizuri sana," akasema. "Sasa sogea pembeni kidogo, Dada. Unanizibia."

Hasira ilimpanda fundi, ikashuka, na pale ilipokuwa pakabaki patupu. Akaweka kitambaa chini ya sindano, akakanyaga. Mashine ikaanza kuunguruma, ule mkono mdogo wa chuma ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na uzi ukikimbia.

"Simamisha, Dada. Siwezi kuuona uzi ukienda hivyo."

"Najua huwezi," akasema, na hakusimamisha.