Tano, Saba, Tano

Sisi tuliosoma Kariakoo enzi za kwenda shule na fagio na kidumu cha maji, mizani za mashairi tulizijulia nyumbani. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, barazani kwetu. Akishakata uzi tu, kidole gumba kilianza kugusa vidole vingine kimoja kimoja, anatunga. "Shairi bila kituo ni suruali bila pindo," alizoea kusema, na kituo kwake ni ule mstari wa kufungia ubeti.

Nilipofika darasa la sita akaja Mwalimu Haruko, Mjapani wa kujitolea aliyetufundisha hesabu. Siku moja mvua ilitufungia darasani, akaandika ubaoni: tano, saba, tano. Kwao, akasema, shairi zima ni mizani hizo katika mistari mitatu. Utaje majira, useme ulichokiona, basi. Vina hamna, nasaha hamna. Tulicheka sana, maana tuliliona kama shairi lililotoka nje bila nguo. Rafiki yangu Mwajuma alitunga la embe, lakini mwishoni akashindwa kujizuia, akaweka "tuwe wasafi". Mwalimu akaufuta mstari huo kwa upole.

Wiki hiyo Baba alikuwa kitandani, kifua kimembana. Nikaandika nilichokiona:

Masika haya
cherehani ya baba
imenyamaza

Mwalimu alilisoma mara mbili, akaniandikia "vizuri sana" kwa wino mwekundu. Nikakimbia nalo kwenye madimbwi hadi nyumbani, nikamsomea Baba kwa sauti. Mama, aliyekuwa akimkanda kifua, akaninyang'anya daftari.

"Unamchuria baba yako? Cherehani ya fundi inanyamaza akiwa amefanyaje?"

Wallahi sikuwa nimewaza hilo. Nilichowaza ni mizani tu.

Baba akatoa mkono ndani ya shuka, kidole gumba kikahesabu taratibu. "Mwache mtoto. Mizani zimetimia," akasema. "Ila halina kituo, mwanangu. Nikipata nafuu nitakutilia."

Hakupata nafuu. Tulimzika Ijumaa, mvua ikinyesha, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemchuria. Mama hakulitaja tena mpaka naye akafariki, nami sikuthubutu kumuuliza.

Siku hizi pale barazani pamejengwa ghorofa, chini wanauza makava ya simu. Wanangu wakisikia msiba wanaweka picha ya mshumaa na kuandika "pole sn", wameshamaliza kuomboleza. Neno lenyewe halina irabu za kutosha, mizani utazihesabia wapi? Nawatania, nao wananicheka. Lakini moyoni nawaonea wivu, maana wao wanaandika na kusahau.

Mimi kila masika nalitoa daftari lile, nahesabu kwa kidole gumba, natunga kituo, kisha nakifuta. Aliyeahidi kukitia ni Baba. Chini ya wino mwekundu mstari bado ni mtupu.