Spiriti ya Kijani

Miaka michache baada ya vita vya mpakani nilikuwa mwalimu kijana wa sayansi huko Nshamba, na nilijiona bingwa kwa sababu nilikuwa na chupa moja ya spiriti. Niliisumbua zahanati wiki tatu ili niipate, mpaka muuguzi akachoka kuniona.

Mimi na wanafunzi tuliziba nusu ya jani la mharage kwa karatasi nyeusi, likiwa bado kwenye mmea. Siku ya tatu nikalichuma, nikalichemsha, kisha nikalitia kwenye kopo la spiriti lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto. Jani likapauka, spiriti ikawa kijani. Nilipodondosha iodini, nusu iliyopata jua ikageuka nyeusi; iliyozibwa haikugeuka. Nikaeleza kwa mbwembwe kwamba jani hujitengenezea chakula kwa mwanga. Hakuna aliyeshangaa. Macho yote yalikuwa kwenye kopo.

"Mwalimu, huo omubazi unatibu nini?" akauliza msichana wa dawati la mbele.

"Si dawa! Ni rangi ya jani tu." Nilimfokea, maana alinivurugia somo.

Kipindi kilipokwisha akabaki. Mama yake alikuwa na ukimwi, upele ulimwasha usiku kucha, na yeye ndiye aliyemkuna. Aliomba ile spiriti. Nilijua haitaponya kitu, ila sikuwa na kingine cha kumpa. Nikamjazia kichupa, nikamwonya ni ya kupaka tu, isinywewe wala kusogezwa karibu na moto.

Jumatatu alinijia mbio. "Shikamoo, Mwalimu. Mama alipata usingizi! Anashukuru sana, anaomba nyingine."

Ulikuwa ubaridi wa spiriti tu, lakini ningemwambiaje? Mchana ule nikarudi zahanati. Muuguzi alinifungulia kabati nikaona mwenyewe kwamba ni tupu. Njiani nilijichukia kwa kile kichupa kimoja nilichompa bila kuwa na cha pili.

Kesho yake nilikuta meza yangu imejaa vichupa vitupu, vya dawa ya kikohozi na vya mafuta ya nywele. Mimi nilijua wagonjwa wa nyumba nne tu, kumbe kila kichupa kilikuwa na mgonjwa wake. Kila mtoto alikuwa na fungu la majani ya mharage mapajani.

Nilisimama na chaki yangu mkononi.

"Tumeyaosha, Mwalimu, wewe uyachemshe tu," akasema yule msichana.