Firigisi ya Harusi na Kanda Iliyoingia Giza

Enzi zetu pale Kisarawe mtu hakurekodiwa hovyo. Video ilikuwa shughuli. Siku mjomba Sefu alipoleta kwenye harusi ya shangazi yangu kamera lake la kubeba begani, alilorudi nalo kutoka Uarabuni, watoto tuliogeshwa mchana kweupe, tukapakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa. Tukajipanga mstari uani, mikono ubavuni, kimya. Sisi tulijua picha ya studio tu, ambayo ukipepesa jicho umeiharibu. Mjomba akatusihi tucheze, tutembee, tufanye chochote. Wapi! Hakuna aliyetikisika. Vijana wa leo, wanaojirekodi hata wakipiga mswaki, hawawezi kutuelewa.

Deki mtaani ilikuwa moja, ya mjomba huyohuyo, na huingii sebuleni kwake bila kunawa miguu. Picha ikianza kujaa chenga, zile punje nyeupe zinazomeza sura za watu, aliifungua deki akakifuta kile kichwa kinachosoma kanda kwa pamba aliyoichovya kwenye marashi ya mkewe. Tulisubiri nusu saa tukinusa marashi na hakuna aliyenung'unika.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Picha zake tunazo, sauti yake hatuna, na mimi nilikuwa nimeshaisahau kabisa. Inauma kusema hivyo. Mama hakuwahi kulizungumzia, mpaka alipokuja kukaa kwangu Kongowe, hapa Kibaha. Alitoa mkobani ile kanda ya harusi, imefungwa kwenye kipande cha kanga, inanukia udi wa sandukuni, akasema angependa kumsikia mume wake mara moja tu kabla hajafa. Kisha akaenda zake jikoni kuchambua mchicha.

Nikaazima deki kwa jirani, nikaiunganisha na kompyuta ili kila kinachoonekana kihifadhiwe humo. Zikaja chenga tupu. Nikajifanya mjomba Sefu, pamba na marashi, na chenga zikazidi, maana pamba iliacha nyuzi zake kwenye kichwa cha deki. Nikaanza upya kwa karatasi laini na spiriti. Kanda nayo ilikuwa na ukungu, kwa hiyo niliipeleka mpaka mwisho na kuirudisha, nikikifuta kichwa kila kilipochafuka, mgongo unaniuma na mchuzi unaungua.

Mwishowe tukatokea. Mstari mzima wa watoto, magoti yanang'aa, tumesimama tuli. Nilidhani picha imeganda, nikaanza kubonyeza vitufe vyote, mpaka kuku akapita nyuma yetu akidonoa. Kumbe ni sisi tulioganda. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni.

Baba naye alionekana, amebeba viti, lakini mbali. Mdomo unacheza, sauti haifiki. Halafu picha ikawa nyeusi tii na deki ikatoa mkwaruzo wa kutisha. Nikaizima mbio, maana waliokulia enzi za deki wanajua ikianza kutafuna kanda haikurudishii kitu. Nikasafisha tena, nikajaribu tena. Palepale, giza lilelile, mkwaruzo uleule. Nikakata tamaa na sehemu hiyo. Nikamwita mama aone angalau tulichookoa.

Alicheka alipotuona tumesimama kama vigingi. Alipomwona baba na viti vyake alisogea ukingoni mwa kochi. Giza lilipoingia nikanyoosha mkono kuzima.

"Zuhura, acha iende."

"Mama, itatafunwa."

"Haitafunwi. Hapo ni Maganga."

Mzee Maganga alikuwa jirani yetu, Mnyamwezi, na kwetu Wazaramo Mnyamwezi ni mtani. Siku ya harusi ana ruhusa ya kila kituko. Kumbe aliifunika kamera kwa kanga, na mkwaruzo ulikuwa wa kitambaa kusugua kinasa sauti! Mama alikuwepo, aliyaona kwa macho yake. Mimi nilikuwa nahangaika kutibu utani kwa spiriti. Hata hivyo sikuuondoa mkono kwenye kitufe, kwani mama akiwa amekosea, kanda yetu pekee ilikuwa inakwenda na maji.

Mkwaruzo ukatulia. Gizani Maganga akatangaza kwamba hakuna kupiga picha mpaka apewe firigisi. Na firigisi, sote tuliolelewa vizuri tunajua, ni ya baba mwenye nyumba. Ikajibu sauti nzito, ya karibu kabisa na kamera:

"Firigisi ya hapa ina mwenyewe. Wewe utapewa miguu ya kuku, ikufikishe kwenu Tabora."

Watu wakaangua kicheko. Kisha sauti ileile ikapaza: "Mama Zuhura, mletee mtani miguu yake."

"Abee," mama akaitika, pale pale kwenye kochi.

Nililia na kucheka kwa pamoja. Tumeshinda, nilimwambia, na yeye akaniambia nirudishe nyuma.

Sasa kanda nzima imo kwenye simu zetu, pamoja na giza lake. Wanangu wananishangaa kwa kutunza video isiyo na picha. Zao wao ni nyingi mno, zinang'aa, na ikitokea yenye giza wanaifuta papo hapo. Siwagombezi. Ila mama anapochambua mchicha jikoni huwa naiwasha hapa sebuleni, sauti juu, nangoja aitike.