Tochi Yangu na Meno ya Baba Mkwe

Nilipohamia Ufipa nilikuwa na vitu viwili vya serikali: baiskeli nyeusi na tochi ya bati ya mawe mawili. Nilikuwa bibi afya, binti wa Mbeya niliyeolewa na mwalimu Mfipa, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijiji vya upande wa Kaengesa nikikagua vyoo na visima. Mume wangu alikuwa bado chuoni akisoma, kwa hiyo nilikaa kwa wazazi wake.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani na kujengewa safu za nyumba kando ya barabara, na kisima walikichimba wenyewe kwa zamu. Kilikuwa kirefu, kimejengewa matofali ya kuchoma hadi chini, na juu kiliezekwa nyasi ili majani ya mikaratusi yasidondoke ndani. Hata saa sita mchana ukiinama pale huoni kitu zaidi ya giza.

Baba mkwe alikuwa katekista. Padre alikuja mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine zote yeye ndiye aliyeongoza ibada na kusoma masomo. Alisoma vizuri kweli, kila neno amelitamka mpaka mwisho. Meno yake ya juu yalikuwa yameng'oka zamani, lakini alikuwa ametengenezewa ya bandia, na aliyatunza kuliko saa yake ya mkononi.

Asubuhi moja ya Ijumaa, mwishoni mwa kiangazi, nilikuwa najaza upepo baiskeli nikamwona anarudi kutoka kisimani amejiziba mdomo kwa leso. Mkwe na mkamwana kwa kawaida hawana maongezi mengi, basi nikapiga goti nikasema shikamoo na kuinamisha macho. Hakuitika. Alinisogelea.

"Mwanangu," akasema ndani ya leso, "ile tochi yako inaingia majini?"

"Sijawahi kujaribu, baba. Kuna nini?"

"Yamedhama."

Sikuelewa. Mama mkwe, aliyekuwa anapepeta ulezi mlangoni, ndiye aliyeelewa. Aliweka ungo chini, akajiinamia, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Mzee alikuwa amekwenda kutazama maji yamepungua kiasi gani, vumbi likamwingia puani, akapiga chafya kisimani. Na keshokutwa ilikuwa Jumapili.

Tulikwenda watatu. Kwanza niliifunga tochi kwa kamba nikaishusha hadi karibu na maji. Haikusaidia. Mwanga uligonga uso wa maji ukaturudia machoni, tukaona paa la nyasi linatutazama kutoka chini.

"Izamishe," mama akasema.

"Itakufa, mama. Ni mali ya serikali."

"Na kisima je, si mali ya serikali? Izamishe."

Nilidhani itazimika mara tu ikigusa maji. Haikuzimika. Iliendelea kuwaka, na ghafla kisima chote kikawa cha kijani kibichi, kizuri mno, matofali yakaonekana moja moja. Tuliona kata ya maji iliyopinda, tukaona kitu kama kufuli. Kisha mwanga ukaanza kufifia, ukawa wa njano, ukawa kama kaa la moto, ukaisha. Nilipoivuta, nyuma ya kioo maji yalikuwa yanachezacheza kama ndani ya chupa.

Niliifungua, nikamwaga maji, nikayaanika mawe juani pamoja na kile kispringi chake. Baada ya nusu saa ikawaka tena, nami nikapata moyo. Nilifikiri maji yameingilia pembeni mwa kioo, kwa hiyo nikayeyusha mshumaa nikakizungushia nta pande zote, nikaridhika na kazi yangu. Safari hii nilitazama kwa makini ilipokuwa inazama. Mapovu madogo yalikuwa yanatoka kwenye swichi, kwa mfululizo. Kioo hakikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Tochi ikazimika tena kabla hatujaona chochote.

Wakati huo wanawake walikuwa wameshaanza kufika na ndoo zao. Mama mkwe akawaambia kwamba bibi afya anapima maji, na wakakubali, lakini hawakuondoka. Mmoja, mjane aliyefuga nyuki, akamsalimia katekista kwa heshima zote. Mzee akaitika kwa kichwa. Mjane akamuuliza kama anaumwa. Mzee akatazama pembeni, akanitazama mimi, halafu akaishusha leso.

"Thiumwi," akasema. "Meno yangu yamo humu."

Kisha yeye mwenyewe akaanza kucheka, cheko la kinywa kitupu, na hapo kila mtu akaachia. Wapo waliokaa chini kabisa. Mimi nilicheka mpaka nikasahau kwamba nacheka mbele ya mkwe.

Mjane ndiye aliyeleta ufumbuzi. Alikwenda kwake akarudi na chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, aliyokuwa akiwekea asali, na bonge la nta ya nyuki. Tuliitia tochi ndani ikiwa inawaka, imetazama kitako cha chupa, tukafunga mfuniko na kuupaka nta hadi hakuna tundu. Tukaishusha. Ikaelea kama bata.

"Ina pumdhi nyingi," baba mkwe akasema. "Ifungieni mdhigo."

Tukaifungia vipande viwili vya tofali ubavuni, na sasa ikazama taratibu, ikiwaka vilevile, hadi chini kabisa. Hakuna povu hata moja lililopanda. Na pale, kando ya ile kata iliyopinda, meno yalikuwa yametulia yakituchekea.

Kuyatoa ilikuwa kazi nyingine. Tuliunganisha mianzi miwili, na mwishoni tukafunga kichujio cha kusukwa ambacho mama alichujia pombe ya ulezi. Baba mkwe hakukipenda kile kichujio, lakini hakuwa na kingine cha kupendekeza. Mama alishika mianzi, mimi nikashika kamba ya chupa nikimmulikia, na wanawake wakatuelekeza, kila mmoja upande wake. Mara tatu meno yaliingia yakatoka. Mara ya nne yakapanda.

Nikawaambia wote wachemshe maji ya kunywa. Nilikuwa nimewaambia hivyo miezi mitano bila mafanikio. Jioni ile moshi ulipanda katika kila nyumba.

Meno nayo niliyasugua kwa chumvi. Jumapili mzee alisoma kwa sauti ileile ya siku zote, neno kwa neno, na kanisani hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Kuanzia hapo alizoea kuja kukaa barazani jioni na kuniuliza mambo: kwa nini chupa ilielea, kwa nini mwanga chini ya maji ulikuwa wa kijani, Mbeya watu wanalima nini. Mengine niliweza kumjibu. Ya rangi ya kijani sikuyajua, nikamwambia hivyo, naye akasema basi tutamuuliza mwalimu wako akifunga chuo.