Mtoto wa Mzee Taratibu

Jina la Mzee Taratibu alibandikwa na walinzi wa mtaa, na usidhani walikuwa wanamsifu. Ukimtazama akisafisha bwawa la kuogelea, utasinzia umesimama. Kwanza anauzamisha mpira mrefu na kuushikilia kwenye tundu linalotoa maji mpaka mapovu yaishe, maana hewa ikiingia kwenye pampu ndiyo basi tena. Kisha anaufunga kwenye tundu linalovuta maji, anashika mpini, na kusukuma kichwa cha brashi kule chini hatua kwa hatua. Ukikimbiza, uchafu unapanda na maji yanakuwa uji. Ukikandamiza, ile plastiki ya bluu iliyotandikwa chini na kuta zote inajikunja, na ikichanika utajua hujui. Miaka kumi na tisa, hajawahi kuichana.

Ila mwaka huu taratibu yake ilikuwa na siri. Macho yalikuwa yanamwishia. Alilaumu miwani, akalaumu dawa ya maji, akalaumu jua. Maskini, alilaumu kila kitu isipokuwa jicho lenyewe. Ukungu ulianza kulia ukahamia na kushoto, naye hakumwambia mtu, hata mkewe. Angesema nini? Msafishaji asiyeuona uchafu ni wa kazi gani? Mwenye nyumba, mama wa shughuli nyingi, alipita pale kila asubuhi kabla ya kuingia garini, na akikuta jani chini anauliza. Basi Mzee akawa anasafisha kwa viganja. Mchanga ukipita kwenye brashi aliuhisi mpinini; pakiwa safi, mpini ulitulia.

Kilichomkera ni bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, aliyekuja kukaa pale auguze mguu. Mzee akianza kazi tu, bibi huyo kitini, na fimbo na mwavuli wake. Siku za mwanzo alikaa kimya. Halafu asubuhi moja Mzee akaona doa jeusi karibu na ngazi. Akapitisha brashi, halikutoka. Akarudia, wapi. Akapiga magoti ukingoni, jasho likamtoka, akasugua polepole asije akaumiza plastiki. Bibi akausogeza mwavuli wake kidogo, na doa likaondoka lenyewe. Mzee wa watu alikuwa anasugua kivuli. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini bibi alikuwa anatazama maua.

Tangu siku hiyo bibi hakufunga mdomo. Kushoto kuna jani. Bado, sogea. Hapo hapo. Pembeni umeruka, rudi. Mzee alirudi kwake amefura, akamlalamikia mkewe kwamba kuna kikongwe kinamwandama kama inzi. Mkewe akamsogezea kikombe mpaka kikagusa vidole vyake, akamwambia avumilie.

Alhamisi moja mwenye nyumba alisimama ukingoni akamwomba mama yake amwache mzee afanye kazi yake kwa amani, kwani bwawa halijawahi kuwa safi kama mwezi huu. Akaingia garini, akaenda zake. Mzee akabaki na mpini mkononi. Safi? Yeye hata sakafu haioni. Akayakumbuka majani yote ya mwezi mzima, na hakupata hata moja aliloliokota kabla bibi hajalitaja. Hasira zote zikamwisha, akabaki na woga.

"Una mtoto wewe?" bibi akauliza.

"Ninao wanne, Mama. Wote watu wazima."

"Nauliza wa jicho."

 Kichwani Mzee alishaanza kukunja mpira wake kwa mara ya mwisho. Lakini bibi akasema taratibu kwamba na yeye alikuwa na ukungu huo, macho yote mawili, na kabla hawajautoa hospitali alishinda wiki nzima akiliamkia koti lililotundikwa mlangoni. Binti yake hajaambiwa habari za Mzee, na hataambiwa na yeye. Tatizo ni kwamba mguu umepona.

"Jumapili narudi kwangu," alisema. "Jumatatu nani atakutajia majani?"

Mzee akamaliza upande uliobaki, bibi akimwelekeza, na safari hii kila alipoelekezwa aliitikia, "Ahsante, Mama."

Jioni alikaa mezani. Akamwambia mkewe kwamba kuna jambo amemficha: amepata mtoto. Alitaka kulifanya utani, lakini akamalizia kwa kugusa jicho.

Mkewe hakushtuka. Alikuwa anamimina chai, akakiweka kikombe palepale anapokiweka siku zote, mkono wa Mzee unapofika bila kutafuta.

"Huyo mtoto nimemlea peke yangu mwaka mzima," alisema. "Nilikuwa namngoja baba yake aje amkubali. Kesho tunampeleka hospitali."