Taa ya Oili ya Pikapu ya Baba

Mie ni fundi redio. Siyo fundi magari, na hilo ndilo nililopaswa kulisema siku baba aliponiita nje na kuniambia, "Hebu njoo uone humu. Naona giza tupu."

Alikuwa amekaa ndani ya pikapu yake mbele ya nyumba yetu Tandika, taa ndogo zimewashwa. Kwenye dashibodi balbu zilikuwa zimechoka, moja imekufa kabisa, nyingine zinatoa umanjano wa kusikitisha. Geji ya joto huioni, ya mafuta huioni. Baba ameinama juu ya usukani mpaka pua inakaribia kugusa kioo cha dashibodi.

Pikapu ile ndiyo iliyokuwa maisha yake. Shirika la umma alilolitumikia udereva tangu mie sijazaliwa lilipouzwa, wenzake walichukua kiinua mgongo wakajenga, na wengine wakaongeza wake. Baba akanunua gari kuukuu. Alikuwa anabebaga mihogo na nazi kutoka Kimbiji, na ukimuuliza hali anakujibu habari za gari: "Tunatembea." Mama alimtania kwamba kaleta mke mwenza asiyejua kupika.

Basi mie, kwa kujifanya mjuaji, nikasema balbu za nini? Kibandani kwangu nilikuwa na maboksi ya redio kaseti mbovu, zile zilizomiminika kutoka Dubai milango ya biashara ilipofunguliwa. Kila redio ina vitaa vyake vya LED, vidogo kama punje ya mahindi, haviungui ovyo wala havili umeme. Nikang'oa vinne, vitatu vya kijani na kimoja chekundu, kila kimoja nikakiwekea rizista yake ya kupunguza umeme. Nikamwambia, "Baba, hizi utakufa uziache zinawaka." Astaghfirullah, mdomo huu!

Sasa, LED si balbu. Balbu haijali umeme unaingilia upande gani. LED inajali, ukiigeuza haiwaki. Mie nilizoea redio, na katika redio nilizozoea bodi ya chuma ni hasi na waya unaokuja kwenye taa ni chanya, basi. Nikazifunga zote nne kwa mazoea hayo: tatu za kijani kwenye geji, na ile nyekundu kwenye taa ya oili, inayomwonya dereva kwamba injini haina oili.

Jioni nikawasha taa ndogo. Geji ziling'aa, baba akacheka kwa sauti, akamwita mama aje aone. "Makubwa! Utadhani kuna harusi humu," mama akasema. Taa ya oili haiwashwi na swichi ile, inataka ufunguo wa gari ugeuzwe. Sikuugeuza. Nilikuwa nakula sifa.

Baba alikuwa na desturi ya madereva wa zamani. Kabla ya kupiga stata anageuza ufunguo nusu ili taa za onyo ziwake kwanza, ajue ni nzima, anazitaja kwa sauti kama mwalimu anayeita majina: "Chaji ipo. Oili ipo. Bismillah." Alifanya hivyo hata akiwa peke yake. Alfajiri iliyofuata nilikuwa mlangoni na mswaki mdomoni, nikamsikia vizuri: "Chaji ipo. Oili ipo. Bismillah." Akaondoka.

Njia ya Kimbiji wakati ule ilikuwa mawe na mashimo. Wakati wa kurudi, na mzigo umejaa, jiwe likatoboa chombo cha oili chini ya injini, oili yote ikamwagika barabarani. Taa ingewaka, baba angesimama, angetuma mtu atafute fundi, na hadithi ingeishia hapo. Haikuwaka. Aliendesha mpaka injini ikaanza kugonga, ikakaza, ikafa. Pikapu ilirudi nyumbani ikivutwa na lori.

Majirani walipokwisha kutoa pole, nikajilaza chini ya dashibodi na tochi. Sikutafuta sana. Waya wa taa ya oili hauleti umeme, unaupeleka chini kwenye injini. Chanya inatokea upande wa pili, kwenye ufunguo. Nilikuwa nimeifunga kinyume. Fundi magari yeyote anajua hilo, fundi redio ndiye wa kukosea vile. Na baba, alfajiri ile, alisema "ipo" kwa taa ambayo isingeweza kuwaka. Mdomo ulikwenda kwa mazoea ya miaka, macho hayakuangalia.

Nilitoka mle ndani na maneno yangu tayari. Wallahi nilikuwa nakwenda kumwambia. Nikamkuta barazani peke yake, akaniwahi.

"Mwanangu, nakwambia wewe tu, mama yako asijue. Ile taa lazima iliwaka. Mie sikuiona. Macho yangu yamekwisha."

Akalia. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia. Na mie niliyekuwa na dawa ya kilio kile mdomoni nikasema, "Pole, baba." Niliogopa. Nilitaka niendelee kuwa fundi machoni pake. Kesho yake nikaigeuza ile LED, ikawaka vizuri kabisa. Sijui nilikuwa namficha nani, gari lenyewe halina injini.

Siri ile haikudumu, mama alijua, tukampeleka hospitali. Nesi akampima, akasema ya mbali anaona kuliko vijana wengi, anahitaji miwani ya kusomea tu. Baba hakumwamini. Pikapu ikachukuliwa na mtu wa Kibamba kwa ajili ya vipuri. Watu walimfuata awaendeshee magari yao, akakataa. "Nimeua gari, siwezi kuua na mtu," alisema. Mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto, na mie niliuacha ukapoa. Kila mwezi uliopita ulifanya neno lile liwe zito zaidi.

Kibaya ni kwamba ajali ile aliigeuza kuwa hadithi ya barazani. Mgeni akija, baba ataisimulia: "Kijana wangu alinifungia taa za kisasa, zinang'aa! Kosa si lake. Kipofu ni mie." Mie nitajifanya nakwenda kuongeza sukari kwenye chai. Naona aibu mpaka leo.

Alipougua mara ya mwisho, baba mdogo alikuja kutoka Boko kumwangalia. Nilikuwa nimemwegemeza baba kifuani pangu, namnywesha uji. Akaisimulia tena, kwa sauti ya kukatika, mpaka mwisho. Kisha akageuza uso kunitazama, nimtolee ushahidi.

"Si ndivyo, mwanangu?"

"Ndivyo, baba," nikamjibu.