Dole Gumba la Jumatano ya Majivu

Sikuota, na wala sikuwa nimekunywa. Nimesoma darasa la pili tu, nyumba yangu ya tofali za kuchoma nimejenga kwa mikono hii, sina haja ya kumdanganya mtu. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa hivi.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Mwamkulu, mvua zimeshika. Nilikuwa mwenyekiti wa kigango, kanisa letu dogo la kijiji. Nyie Wakatoliki mnajua, majivu ya Jumatano ya Majivu hayatoki jikoni. Ni ya matawi ya mwaka jana, yale tunayobarikiwa Jumapili ya Matawi na kuyachomeka juu ya mlango yalinde nyumba. Jumanne nikazunguka na baiskeli kuyakusanya. Nilitaka padri asikie kwamba mzigo wangu umeshinda wa vigango vyote. Ndiyo, kwa sifa. Siwafichi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Konsolata, mjane. Konsolata mwenyewe, miaka minne, alikuwa kwenye mkeka anatetemeka kwa homa.

"Tawi chukua, mzee," mama yake akasema. "Ila nisaidie baiskeli nimuwahishe mtoto hospitali, Mpanda."

"Huoni keria imejaa? Hii kazi ya Mungu, mama."

"Si uyaache hapa? Kwangu hapavuji."

"Mchemshie mwarobaini. Kesho nitapita."

Nikang'oa tawi juu ya mlango wake, nikaondoka. Unafikiri hospitali ilikuwa mbali? Ningekwenda na kurudi jua halijazama.

Asubuhi tukapaka watu majivu, katekista mstari wake, mimi wangu. Mara namwona Konsolata kwenye mstari, peke yake, pekupeku, na gauni lake la njano. Niamini, nilifurahi! Nikainama, nikamchora msalaba pajini. Paji la baridi kama mtungi wa maji. Nikasema moyoni, homa imetoka, si nilijua mimi?

Akaniuliza, "Babu, baiskeli imeshapumzika?"

Akapita.

Baada ya ibada katekista akanivuta pembeni. "Mwenyekiti, mbona uliinama ukapaka hewa? Watu wamekucheka."

Nikapanda baiskeli. Kabla sijafika kwa Mama Konsolata nikasikia vilio.

Konsolata alikuwa amekufa kabla jogoo hajawika. Wanawake walikuwa naye tangu usiku, hakutoka, hakutolewa. Na pajini ana msalaba wa majivu.

"Nani kaingia humu akampaka?" mama yake akawa anauliza kila mtu. Halafu akauona mkono wangu, dole gumba jeusi kwa majivu. Mpaka leo hajanisemesha.

Dole gumba hili nililisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Weusi ulitoka baada ya Pasaka, na mistari ya dole ikatoka nao. Mimi kuandika kwangu ni shida, sahihi yangu ni dole. Kila karani anapata doa tupu. "Rudia, mzee." Narudia. Doa tupu, kama la mtu asiyekuwepo.

Kupaka watu niliacha. Kanisani naenda, na kila Jumatano ya Majivu namwona kwenye mstari. Bado ana miaka minne.

Sasa wewe unayekwenda kupakwa majivu, pita kwanza kwa jirani. Ukikuta mtoto anatetemeka, mwaga matawi chini, hapo hapo kwenye tope, umpakie mtoto.